Sura ya Saba: Beji Moja Kati ya Kumi na Moja

Mama wa mwanamke niliyemposa alinikubali siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, na mimi badala ya kufurahi nilitamani angenifukuza kama alivyonifukuza mara mbili za kwanza.

"Pita, Fundi. Leo kaa kwenye kochi," aliniambia. "Kile kiti cha plastiki nilikuwa nakupa makusudi, ili usizoee."

"Nilijua, Mama."

"Ulijua na bado ukakaa?"

"Kiti ni kiti, Mama. Nilikuwa namfuata binti, sikufuata kochi."

Akacheka puani, kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana anacheka. Binti mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha. Nasema binti kwa sababu ndivyo mama yake anavyomwita, lakini ana miaka arobaini na mmoja, na mimi nina hamsini na mbili. Macho yalikuwa yamemvimba. Sikuwa nimezoea kumwona bila lile koti lake jeupe la maabara. Alionekana mdogo, kama mtu aliyevuliwa nusu ya mwili. Aliniangalia mara moja tu, akarudisha macho dirishani. Mara moja hiyo ilinitosha. Kuna wanawake wanakuangalia, na kuna wanaokuwekea macho mapajani mwako kama mtoto mchanga, uyabebe. Yeye ni wa pili.

Kazini tunamwita Mwalimu. Wanafunzi wanamwita Bi Beji, lakini siyo mbele yake. Anafundisha kwenye ile taasisi ya nishati ya chuo kikuu, jengo la ghorofa nne: juu ya paa wanafundishia umeme wa jua, katikati wanafundishia mahesabu, na chini kabisa, nyuma ya mlango mzito, wanafundishia nyuklia. Huko chini kuna kabati la madini ya risasi, zito kuliko gari, linalotunza vyanzo vya mionzi ambavyo wanafunzi wanajifunzia kupima. Mimi ni fundi wa viyoyozi na pampu wa jengo hilo. Vyanzo sivijui. Shule niliiacha mapema, ikaniacha na yenyewe.

Na kila anayeshuka chini lazima avae beji kifuani. Ni kidude cha plastiki, kidogo kama kibiriti, kinachokusanya hesabu ya mionzi uliyoipata. Jioni unaitundika ukutani kwenye korido, kila mtu na ndoano yake. Mwisho wa mwezi zinapelekwa kusomwa, na namba inarudi na jina lako. Mwalimu alikuwa mkali kwa hizo beji hadi tukawa tunamtania kwamba hata akienda kuoga anavaa.

Sasa namba yake ilikuwa imerudi, na ilikuwa kubwa kuliko anayoruhusiwa mtu kwa mwaka mzima. Mkurugenzi hakuuliza mara mbili. Alimzuia kushuka chini, akasema mwalimu wa usalama asiyejilinda mwenyewe hafai kupelekwa popote. Maana alikuwa na safari: miaka miwili ya mafunzo ng'ambo, nafasi aliyoisubiri kwa miaka tisa. Barua ya kumpa mtu mwingine nafasi hiyo ilikuwa isainiwe kesho yake, Alhamisi asubuhi.

"Nitasema ukweli, mwanangu," mama yake aliniambia, akijifunga khanga yake vizuri kiunoni. "Nilikukataa kwa sababu nilitaka asome kwanza, arudi daktari wa hayo mambo yake, aolewe na msomi mwenzake. Wewe ni mgane, una binti mkubwa, na barua ya posa uliandikiwa. Nilijua kwa mwandiko."

"Aliniandikia binti yangu."

"Na yeye hapendi baba yake aoe, ila akakuandikia. Hilo lilinigusa, sikukwambia. Haya, safari imekufa. Majirani wanasema mwanangu amechomwa na mionzi, wengine hawataki hata kunywa maji kwangu. Kaka zake wamenyamaza. Wewe tu ndiye uliyekuja. Basi Ijumaa lete wazee wako, tuyamalize."

"Mama," Mwalimu alisema bila kugeuka, "unanitoa kama embe lililopigwa jiwe."

"Nakutoa kwa mtu anayekutaka. Au humtaki?"

Alilivuta pazia kidogo. Halafu akasema taratibu, "Namtaka. Nimewaza sana siku hizi tatu. Labda Mungu ndiye aliyesema nibaki."

 Aliyesema abaki hakuwa Mungu. Alikuwa mimi.

Lazima nieleze. Mke wangu alifia kwenye meza ya upasuaji, miaka sita sasa. Umeme ulikatika. Jenereta likawashwa, likakohoa, likanyamaza. Halikuwa na dizeli. Mwenye ufunguo wa stoo ya dizeli alikuwa semina. Walijua tangu Jumatatu kuwa tangi ni tupu, na hakuna aliyesema, kila mmoja alimwogopa aliye juu yake. Wanasema mkubwa ni jalala. Kwetu sisi jalala ni mdogo, mkubwa ni anayetupa. Tangu siku hiyo mtu akiitwa mheshimiwa mbele yangu natafuta pa kutemea.

Nilivyoajiriwa pale taasisi, siku ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi, ngazi inacheza, mara nikahisi imetulia. Kuangalia chini, mwanamke mwenye koti jeupe ameishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu," nikamwuliza, "huku chini mnafundisha nini, mabomu?"

"Tunafundisha umeme usiokatika," akasema. "Na jinsi ya kutokufa wakati unaufundisha."

Nilishuka. Kiyoyozi sikukimaliza siku ile.

Basi, Ijumaa moja mwezi uliopita, kabla ya mapumziko marefu ya siku nne, bomba la kiyoyozi cha korido liliziba na maji yakaanza kudondoka juu ya zile ndoano za beji. Watu walikuwa wameshaondoka. Nikaona beji yake inalowa. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati langu, nikaitundika kwenye msumari ndani ya chumba cha mashine, pakavu. Nilivyomaliza bomba giza linaingia, nikasahau. Jumatano asubuhi nikairudisha kwenye ndoano yake kabla hajafika. Nilifikiri, kidude kinapima mtu. Kama mtu hayupo kitapima nini? Ndivyo nilivyofikiri. Ni akili ya mtu ambaye hakuna aliyejisumbua kumweleza.

Nilijua siku tatu hizo zote. Jumatatu waliposema namba ni kubwa, nilielewa papo hapo kuwa ni ule msumari. Na nikanyamaza, kwa sababu moyoni kisauti kilisema: akizuiwa, haendi ng'ambo, anabaki na wewe. Sikujipenda kwa kisauti hicho, lakini nilikisikiliza, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nikasimama kutoka kwenye kochi.

"Mama, kabla ya Ijumaa kuna neno."

"Sema."

"Yeye hajachomwa. Beji ndiyo iliyochomwa. Mimi ndiye niliyeiweka mahali pabaya."

Mwalimu akageuka. Nikawaeleza, bomba, maji, msumari, siku nne. Niliongea nikiangalia vidole vyangu vya miguu. 

"Tangu lini unajua?" aliniuliza.

"Tangu Jumatatu."

"Leo Jumatano."

"Ndiyo."

"Jumatatu jioni ulikaa na mimi kwenye benchi pale nje. Nikalia. Ukanipa leso."

"Ndiyo."

"Ukanipa leso," alirudia, kana kwamba leso ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

Mama yake alinyoosha kidole. "Toka kwenye kochi langu."

"Nimeshasimama, Mama."

"Basi simama mbali nalo. Neno langu la Ijumaa nirudishie, sijalitumia."

"Mama, ngoja kidogo," Mwalimu alisema. Alikuwa amesimama na yeye. Uso wake ulikuwa umebadilika, hasira ilikuwa bado ipo lakini kuna kitu kimeipita mbele. Ni ule uso wake wa darasani. "Msumari gani?"

"Wa chumba cha mashine. Ukuta wa kushoto."

"Ukuta wa kushoto ndio tunaopakana nao. Upande wa pili ni stoo ya vyanzo." Akahesabu kitu kwa midomo. "Lakini mwanzo kabati halikuwa upande huo."

"Lilihamishwa, Mwalimu. Miezi miwili sasa. Mkurugenzi alitaka nafasi ya chumba cha wageni. Walikuja watu nane wakalisukuma mpaka kwenye ule ukuta. Wewe ulikuwa likizo."

"Nilikuta limehamishwa, nikaambiwa ukuta umepimwa." Alinisogelea. "Wewe chakula cha mchana unakula wapi?"

"Si unajua. Kule kule kwenye mashine. Kuna utulivu."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Una beji?"

"Mafundi hatupewi."

Alinishika mkono wa shati. Hakunishika kwa mapenzi, alinishika kama anayemvuta mtu barabarani gari linakuja. "Twende," akasema.

"Mnaenda wapi?" mama yake aliuliza. "Si tunagombana?"

"Tutagombana tukirudi, Mama."

Tulikodi teksi. Njia nzima hakuniambia neno, ila mkono wa shati hakuuachia, mpaka kitambaa kikajikunja. Mimi nilitamani foleni isiishe. Mtu akishajua kwamba anapoteza kitu, hata kushikwa shati anahesabu.

Mlinzi alimwambia hana ruhusa ya kushuka chini.

"Sishuki chini," akamjibu. "Naenda kuangalia kiyoyozi na fundi." Akapita. Kwenye darasa la ghorofa ya kwanza akachukua kipima mionzi cha wanafunzi, kile cha kushika mkononi, kinacholia tik, tik.

Chumba cha mashine, kilicho nje ya ule mlango mzito, kilikuwa vile vile: mapampu mawili, ndoo yangu iliyopinduliwa karibu na mlango, ambayo ndiyo kiti na meza, na msumari wangu ukutani. Akakisogeza kile kipima kwenye msumari. Kikalia mfululizo, kama mahindi yanayolipuka kwenye sufuria.  Akarudi nyuma hatua moja moja, anasoma namba, mpaka kwenye ndoo. Hapo kikatulia, kikawa kinalia kwa uvivu.

"Kaa unavyokaaga," akaniambia.

Nikakaa.

"Mgongo unaegemeza wapi?"

"Mlangoni. Nikiacha wazi kidogo, napata mwanga."

"Huegemei ule ukuta hata siku moja?"

"Una ukungu, Mwalimu. Unachafua shati."

Akapiga hesabu kwenye simu, akaipiga tena, akaipiga mara ya tatu. Halafu akachuchumaa mbele yangu, akaweka paji la uso kwenye goti langu.

"Ni kama eksirei mbili tatu za kifua," alisema kwa sauti iliyozibwa na suruali yangu. "Basi. Hutakufa. Ungekuwa umeweka ndoo upande ule, sijui ningekuwa nakwambia nini." Akaniinulia uso, machozi yanamtoka, akanipiga ngumi kifuani, siyo ya mchezo. "Hiyo ni ya leso."

"Nimestahili."

"Umestahili mbili." Lakini ya pili hakunipiga. Mkono ulibaki pale pale ulipotua, na mimi sikupumua, nisije nikaushtua ukaondoka.

Mkurugenzi tulimkuta ofisini na katibu wake. Ni mtu mlaini, wa kukukaribisha chai huku anakukata. Alisikiliza yote, habari ya msumari na ya ukuta, bila kukunja uso.

"Mwalimu, kuhusu ukuta, tutaunda timu," akasema. "Lakini ukuta ni jambo moja, beji yako ni jambo lingine. Huyu bwana anasema aliitundika pale. Nani alimwona?"

"Hakuna," nikasema.

"Kila mtu humu anajua mnachumbiana. Leo Jumatano, kesho nasaini barua, na leo ndiyo anakumbuka. Mimi si mgumu wa kuelewa, lakini ningekuwa mimi nimetumwa, ningekuja na hadithi kama hiyo hiyo."

"Hakunituma. Hajui hata kama anataka kuniona tena."

"Tuseme ni kweli. Hebu nisaidie kitu kimoja, mzee wangu." Akainama mbele, sauti ya asali. "Beji zilikuwa kumi na moja. Maji yanazidondokea zote. Mtu anayeokoa mali ya ofisi anaokoa zote kumi na moja. Wewe uliokoa moja. Kwa nini?"

Nilimwelewa. Ulikuwa mtego, na ulikuwa mzuri. Nikishindwa kujibu, Mwalimu amekwisha. Nilitafuta jibu la heshima, la kuvaa shati. Nikakosa. Nilimwangalia Mwalimu, na yeye alikuwa ananiangalia, na nikaona swali lile hakuwa amejiuliza hata yeye.

"Zile kumi hazikunihusu," nikasema. "Hata zingeoza. Ile moja ilikuwa inakaa kifuani kwake kutwa nzima. Sikuweza kuiona inalowa nikapita. Nampenda, Mkurugenzi. Sina sababu nyingine, na kama ofisi inataka sababu ya kiofisi, sinayo."

Katibu aliacha kuandika. "Niandike hivyo?" akauliza.

"Andika hivyo," nikamwambia.

"Hapana," Mkurugenzi alisema, akikwepa macho yangu kwa mara ya kwanza. "Aandike mwenyewe. Kwa mkono wake. Asaini."

Nilipewa karatasi mbili. Nilikaa mezani kwa katibu karibu saa nzima. Mimi kuandika ni kama kupandisha pampu ghorofa ya nne mgongoni. Mwalimu alikaa kiti cha pembeni. Hakuruhusiwa kunisaidia na hakujaribu. Nilimsikia anavyopumua. Nilipofika pale pa beji moja, kalamu ilisimama, nikafuta, nikaandika tena, nikaliacha neno lenyewe lilivyo.

Akapewa asome, ili asaini kuwa ameyaona maelezo. Alisoma ukurasa wa kwanza haraka. Wa pili alikaa nao.

"Mwaka mzima sijawahi kulisikia hili neno kwako," alisema kwa sauti ya chini, katibu asisikie. Katibu alisikia.

"Hukuuliza."

"Aliyeuliza ni Mkurugenzi?"

"Kakuzidi kitu kimoja basi. Na mimi itabidi nimshukuru, Mungu anisaidie."

Alitaka kucheka akajizuia, akasaini.

Alhamisi saa tano barua ilitoka, na jina lililokuwa ndani ni lake. Mimi nilipewa yangu: mwezi mmoja nyumbani bila kazi, kwa kugusa beji isiyo yangu. Ya tatu ilibandikwa ubaoni, ikisema kabati la vyanzo litahamishwa na chumba cha mashine kifungwe. Nani alilipeleka pale na nani alisema ukuta umepimwa, karatasi haikutaja. Karatasi za wakubwa hazinaga majina ya wakubwa.

Alinikuta kwenye ngazi za mbele nikikusanya vifaa vyangu. Akaketi ngazi moja juu yangu, magoti yake karibu na bega langu.

"Wiki tatu," alisema. "Halafu miaka miwili."

"Nimesikia."

"Ungenyamaza, kesho ungekuwa unaleta wazee, na mimi ningebaki."

"Najua."

"Ulijua, na ukasema. Kwa nini hukusema Jumatatu, au kwa nini hukunyamaza moja kwa moja? Nataka kukuelewa."

Nikafunga boksi la bisibisi, nikalifungua tena. "Mke wangu aliuawa na watu waliojua tangi ni tupu wakanyamaza. Nimewalaani miaka sita. Jana pale kwenu, mama yako ananiita mwanangu, nikasikia mimi na wao tunafanana sauti."

 Wanafunzi walikuwa wanapanda na kushuka, wanatupita, wanatusalimia kwa adabu ya watu wanaokwenda kusengenya.

"Mama anasema neno lake la Ijumaa bado analo mkononi," alisema. "Hajui alitoe au aliweke. Nimemwambia akupe. Nitaondoka nikiwa mke wako. Mchumba wa miaka miwili ni mgeni, lakini mume anaulizwa yuko wapi."

"Na hasira?"

"Hiyo sijaimaliza. Nitaondoka nayo."

"Miaka miwili itatosha?"

"Ikibaki nitarudi nayo," akasema, akaweka mkono begani kwangu mbele ya watu wote, akauacha hapo. "Utakuwepo?"

Nikamwambia nitakuwepo. Niliambiwa nitoke getini kabla ya saa sita, na saa sita ilinikuta bado nimekaa.